Hisa kwa sikio: namna ya kupata jukwaa la kuwekeza lisilokulazimisha kuazima macho

Katika chama chetu cha wasioona hapa Nairobi, kuna swali lisilokosa kila tunapokutana: "Apu gani ya hisa inasomeka?" Jibu langu huwaudhi wengi: inasomeka mpaka wapi?

Nina sababu. Miaka miwili iliyopita nilifungua akaunti kwenye jukwaa lililonifurahisha tangu siku ya kwanza. TalkBack, sauti inayosoma skrini ya simu za Android, ilisoma bei, ikasoma majina ya kampuni, ikasoma na kitufe cha kununua. Nikanunua kidogokidogo kwa miezi saba, kila mwisho wa mwezi. Karo ya binti yangu ilipofika nikataka kuuza. Nikajaza idadi ya hisa, nikafika mwisho wa fomu, nikakuta kitu ambacho upande wa kununua hakikuwepo: alama ya kuburuta kutoka kushoto hadi kulia ndipo mauzo yakubaliwe. TalkBack iliitaja kama picha tu. Nikitelezesha kidole, inaruka kwenda kitu kinachofuata. Nikigonga mara mbili, kimya. Mwisho nikashuka hadi dukani chini ya nyumba yetu, Umoja, nikampa simu kijana wa pale aniburutie. Skrini ikaomba nambari ya siri. Nikamtajia, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri maziwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye mlango wa kutokea. Kwangu mimi jukwaa linasomeka pale tu ninapoweza kununua, kuuza, kutoa pesa zangu na kusoma taarifa ya akaunti nikiwa peke yangu na vifaa vyangu vya masikioni. Likishindwa moja kati ya hayo manne, halisomeki, hata kama kurasa zake za habari zinasomwa kama gazeti.

Nimegawa kwa vichwa, kwa hiyo aliye kwenye kompyuta anaweza kuruka kwa herufi H.

Hatua ya 1: Amua unanunua nini

Watu huanza kutafuta apu kabla ya kujua wanataka nini, kisha wanajikuta wamejifunza kutumia kitu wasichokihitaji. Nairobi kuna milango minne mikubwa.

Hisa za kampuni za hapa zinauzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, ambalo limekuwepo tangu 1954. Huwezi kununua moja kwa moja sokoni. Unapitia kwa dalali mwenye leseni, na hisa zinawekwa kwa jina lako katika akaunti ya CDS, yaani daftari la kielektroniki la hisa, inayosimamiwa na shirika la CDSC. Hapo kwenye jina lako ndipo penye uzito, na nitaparudia.

Hati fungani na dhamana fupi za serikali, yaani pesa unazoikopesha serikali kwa riba, zinanunuliwa kutoka Benki Kuu ya Kenya kupitia DhowCSD, jukwaa lililoanza 2023. Hapo nyuma ilibidi ufike Haile Selassie Avenue na fomu, na kadi ya sahihi iliyopigwa muhuri na benki yako. Waliokuwa wakipeleka fomu hizo wakiwa hawaoni wanajua ni siku nzima imekwenda.

Mifuko ya soko la fedha ndiyo rahisi kuliko yote. Unaweka pesa, riba inaingia, unatoa. Mingine ipo ndani ya M-PESA, kama Ziidi, na unaanza na shilingi 100. Riba hukatwa kodi ya asilimia 15 kabla hujaiona.

Mlango wa nne ni masoko ya nje, hasa Marekani. Huo una hatua yake huko chini.

Kama hujawahi kuwekeza, anza na mfuko wa soko la fedha. Fomu yake ni fupi, na fomu fupi ina mahali pachache pa kuharibika.

Hatua ya 2: Leseni kabla ya kusomeka

Hili nalipitia haraka, ila usiliruke. Dalali, meneja wa mfuko au mtu wa biashara ya fedha za kigeni mtandaoni anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ile CMA iliyoko Upper Hill. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake. Andika jina la kampuni kama lilivyosajiliwa, si jina la apu, maana apu inaweza kuitwa chochote.

Matapeli wamegundua kitu kimoja kuhusu sisi: hatuoni nembo iliyochorwa vibaya wala tovuti iliyojengwa usiku mmoja. Na tovuti ya kitapeli mara nyingi inasomeka vizuri kuliko ya kampuni halali, kwa sababu haina kitu ndani. Ni vichwa vitatu na kitufe kimoja kikubwa cha kuweka pesa.

Hatua ya 3: Jaribio la nusu saa kabla ya kujisajili

Usitoe kitambulisho chako kwanza. Fungua tovuti ya jukwaa kwenye kompyuta ukiwa na NVDA, programu ya kusoma skrini ya Windows kwa sauti, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii. Mwenye JAWS, programu nyingine ya aina hiyo, ana vitufe vyake karibu vilevile.

Bonyeza H mara kadhaa. Ukisikia vichwa vyenye mpangilio, huenda aliyejenga tovuti alikuwa na mtu kama wewe akilini. Ukisikia "hakuna kichwa kinachofuata" kwenye ukurasa uliojaa maneno, hiyo ni dalili mbaya. Kisha nenda kwenye ukurasa wa kujisajili na ubonyeze F, uruke kutoka sehemu moja ya kujaza hadi nyingine. Kila sehemu inapaswa kutaja jina lake: jina la kwanza, nambari ya simu, nambari ya KRA. Ukisikia "edit, blank" mara sita mfululizo, funga ukurasa unywe chai. Wakikosa kutaja sehemu za kujisajili, ambako wanataka kukupata kwa kila hali, usitarajie watataja za kuuza.

Bonyeza B upitie vitufe. Hapa utasikia wimbo wa taifa letu sisi wasioona: "button, button, button." Kitufe kisicho na jina kwenye ukurasa wa habari kinakera. Kwenye ukurasa wa oda kinaweza kukuuzia ulichotaka kununua.

Baadaye tumia kitufe cha Tab peke yake, bila mishale. Je, kila kitu unakifikia? Je, kuna mahali unaingia usitoke? Menyu zinazojifungua kwa kupitisha kipanya juu yake ni ugonjwa wa tovuti nyingi za fedha hapa.

Upande wa simu, pakua apu na uguse skrini ya kuingilia. Telezesha kidole kutoka juu hadi chini, kitu kimoja kimoja, bila kuruka. Hesabu visivyo na jina. Mimi nina kanuni yangu ya kienyeji: vikizidi vitatu kwenye skrini ya kwanza, naifuta apu hapohapo. Mwenye iPhone anaweza kukipa kitufe jina lake mwenyewe kwa kugonga mara mbili kwa vidole viwili na kushikilia, na TalkBack nayo ina njia ya kuweka lebo kwenye menyu yake. Inasaidia, lakini majina uliyoweka wewe huweza kupotea apu ikisasishwa. Usijenge nyumba juu yake.

Hatua ya 4: Wapigie, waandikie

Huduma kwa wateja ni sehemu ya jukwaa. Piga simu, useme wazi: "Mimi sioni, natumia simu inayosoma kwa sauti. Nataka kujua mambo matatu." Kisha uliza haya. Je, naweza kutoa oda ya kuuza kwa barua pepe au kwa simu, apu ikinishinda? Je, taarifa ya akaunti inakuja kama maandishi au kama picha iliyochanganuliwa? Je, kuthibitisha mauzo kunahitaji kuburuta kitu?

Swali la tatu halina jibu kwa watu wengi wa huduma, lakini namna wanavyolipokea inakuambia mengi. Dada mmoja aliniambia, "Subiri kidogo kaka, nifungue nione." Akafungua, akanisomea skrini moja moja. Mwingine aliniuliza kama hakuna mtu mwenye macho nyumbani. Kampuni ya huyo wa pili sijawahi kuipa hata shilingi.

Oda kwa barua pepe si upendeleo. Madalali wengi wa hapa wanaipokea ukishatia sahihi fomu ya kuwaruhusu. Inaandikwa hivi, bila maneno ya ziada:

"Tafadhali niuzie hisa 200 za kampuni fulani, kwa bei isiyopungua shilingi kadhaa. Oda hii ni ya leo hadi saa tisa alasiri. Nambari yangu ya CDS ni hii. Tafadhali nijibu ukishaiweka sokoni."

Soko linafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukituma saa nane na dakika hamsini usilaumu mtu.

Hatua ya 5: Kufungua akaunti, na vita vya picha

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Utaombwa kitambulisho, cheti cha nambari ya KRA, maelezo ya benki au M-PESA, na picha ya uso. Kwa picha ya kitambulisho, mimi naweka kadi juu ya kitambaa cheusi mezani, naegemeza viwiko vyote viwili mezani, simu nikiishika sawa juu ya kadi, kisha nainyanyua polepole mpaka urefu wa shibiri moja na nusu. Washa taa, hilo sisi husahau, na picha inatoka nyeusi tii. Kamera ya iPhone na ya baadhi ya simu za Android hutaja kwa sauti uso ulipo kwenye picha, kwa hiyo fanya mazoezi ya selfi kwa kamera ya kawaida kwanza, mkono wako uzoee ule umbali.

Shida kubwa ni selfi ya kuhakikisha uko hai, ile inayokuamuru ugeuze kichwa au utabasamu kwa maandishi yanayopita haraka bila kusomwa. Na kuna programu zinazotaka ufumbue macho. Kwa baadhi yetu hilo haliwezekani, na hakuna kosa la mtu. Ikikukataa mara mbili, acha. Usijaribu mara kumi mpaka akaunti ifungwe. Waandikie, uombe kuthibitishwa kwa simu ya video au ofisini. Nikienda ofisini mimi hubeba nakala za kila kitu ndani ya bahasha moja, nimezikunja kona kwa alama yangu ili nizijue kwa vidole.

Kuhusu sahihi: kuna ofisi moja jijini ilinitaka nilete shahidi na kuweka dole gumba, eti ndivyo wasioona wanavyotia sahihi. Natia sahihi yangu tangu shule ya upili. Niliomba wanionyeshe utaratibu huo ulioandikwa. Haukuwepo. Nikaweka kipande cha kadi chini ya mstari, nikatia sahihi, nikaondoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na haki ya kupata habari. Si lazima umsomee mtu kifungu hicho kwa sauti kali, lakini ni vizuri kukijua ukiwa umesimama kaunta.

Nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi nayo ina mbio zake. Wakati unatoka kwenye apu, unafungua ujumbe, unasikiliza tarakimu sita na kurudi, muda umekwisha. Dawa yangu: acha arifa zijisome zenyewe, na uandike tarakimu ukizisikia, bila kutoka kwenye apu. Au fungulia akaunti kwenye kompyuta huku simu ikikusomea nambari pembeni.

Hatua ya 6: Nunua moja, uuze moja

Hii ndiyo hatua ambayo ningeifanya miaka miwili iliyopita, ningejiepusha na foleni ya maziwa.

Tangu Agosti 2025 mtu anaweza kununua hisa moja katika Soko la Hisa la Nairobi. Zamani ilikuwa 100 kwenda juu. Kwetu sisi hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, kwa sababu sasa unaweza kulijaribu jukwaa lote kwa pesa za nauli ya matatu. Weka kiasi kidogo. Nunua hisa chache za kampuni ya bei ya chini. Sikiliza skrini ya mwisho kabla ya kuthibitisha: je, inakusomea jina, idadi, bei, ada na jumla, au inasema tu "Confirm"? Subiri siku tatu za kazi, malipo na hisa zikamilike. Kisha ziuze zote. Kisha uitoe pesa irudi M-PESA au benki.

Utapata hasara kidogo, ndiyo. Ada zote pamoja, za dalali, za soko, za CDSC na za CMA, kwa kawaida hukaribia asilimia 2 kila upande, na baadhi ya madalali wana ada ya chini kabisa, kwa hiyo uliza kwanza. Hiyo ni karo ya kujua.

Kwenye fomu ya oda kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni pale pa kuchagua kati ya "Buy" na "Sell". Kwenye apu nyingine hizo ni tabo mbili za rangi, na kisoma-skrini hakisemi ipi imechaguliwa. Usiipite kwa kukisia. Gonga ile unayoitaka kila mara, hata kama unaamini tayari ipo pale.

Wa pili ni aina ya bei. Chagua oda yenye kikomo, yaani wewe ndiye unayetaja bei, badala ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo sokoni. Mwenye macho anatupia jicho na kubonyeza kwa sekunde mbili. Sisi tunasikiliza, na wakati tunasikiliza bei inasonga. Kikomo kinakungojea.

Wa tatu ni ile alama ya kuburuta. Kuna mbinu moja ya kujaribu kabla ya kuita jirani: gonga mara mbili juu yake, lakini mara ya pili usiinue kidole, shikilia mpaka usikie mlio, kisha buruta kwenda kulia bila kuachia. Wakati mwingine inakubali, kwa VoiceOver, sauti ya iPhone, na kwa TalkBack. Isipokubali, jaribu tovuti ya jukwaa hilohilo kwenye kompyuta. Huko mara nyingi ni kitufe cha kawaida.

Hatua ya 7: Bei zinazoruka, grafu zisizosema

Ukifungua ukurasa wa bei ukasikia NVDA inarudi juu kila baada ya sekunde chache, huo ni ukurasa unaojisasisha wenyewe. Tafuta mpangilio wa kuusimamisha. Ukikosekana, nakili jedwali lote ulibandike kwenye Excel, usome kwa utulivu. Ndani ya jedwali lililojengwa vizuri, shika Ctrl na Alt kisha mishale: utasogea seli kwa seli huku ukitajiwa jina la safu. Kama husikii jina la safu, utakuwa na tarakimu tupu zisizo na mwenyewe.

Angalia na alama ya kupanda na kushuka. Nimekutana na ukurasa unaoandika "14.20, 0.35" kwa kijani au nyekundu bila kujumlisha wala kutoa. Kwa sikio, hiyo 0.35 inaweza kuwa faida au msiba. Njia ya haraka ni kutafuta safu ya bei ya jana na kulinganisha mwenyewe.

Grafu sizihangaikii. Mtu anayenunua kwa miaka anahitaji tarakimu za mwaka, gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) na madeni ya kampuni, na hayo yapo kwenye ripoti za mwaka. Anayetaka kucheza na grafu za mishumaa, za bei ya kila dakika, atapata shida kwa kisoma-skrini, na sina uhakika kama ni shida mbaya kuwa nayo.

Hatua ya 8: Taarifa ya akaunti

Omba moja katika mwezi wa kwanza, kabla hujaihitaji. Ifungue. Ikisomeka, sawa. NVDA ikisema ukurasa ni mtupu, hiyo ni picha ya karatasi; bonyeza Insert na R pamoja ili Windows ijaribu kuyatambua maandishi. Lakini usiamini tarakimu zilizotambuliwa kwenye picha, maana 3 na 8 hubadilishana hapo kama ndugu pacha. Waandikie wakutumie jedwali la Excel. Wengi wanalo, hawakufikiria tu kukupa.

Na hapa naparudia pale pa jina lako. Kwa kuwa hisa za hapa zipo CDSC kwa jina lako, apu mbovu si gereza. Unaweza kuomba zihamishiwe kwa dalali mwingine bila kuziuza. Pesa taslimu ulizoziacha kwa dalali ni habari nyingine. Mfuko wa Fidia kwa Wawekezaji unalipa hadi shilingi 50,000 kwa mtu kampuni ikianguka. Usilaze pesa nyingi huko.

Serikali, na uzuri wa maandishi matupu

Kwa dhamana fupi za siku 91, 182 na 364, na hati fungani zinazoanzia shilingi 50,000, lipime jukwaa la DhowCSD kwa kipimo kilekile, tovuti na apu. Sikiliza kwa makini pale unapochagua aina ya zabuni. Zabuni isiyo ya ushindani inakubali wastani wa riba ya mnada, na ndiyo ya watu kama sisi. Ya ushindani inakutaka utaje kiwango mwenyewe, na ukiteleza tarakimu moja unaweza kukosa kabisa.

Serikali ilipouza M-Akiba, hati fungani ya kununuliwa kwa simu, 2017, ulipiga *889# ukanunua kuanzia shilingi 3,000, kwa simu yoyote. Wengi waliiona kama kitu cha watu wa kijijini. Mimi niliona jukwaa lililosomeka kuliko yote niliyowahi kugusa: maandishi, nambari ya kuchagua, basi. Hakuna picha, hakuna kuburuta, hakuna rangi. Muda wa kujibu kwenye menyu za namna hiyo ni mfupi, kwa hiyo ongeza kasi ya sauti ya simu kabla ya kupiga. Hadi leo, jukwaa likiwa na njia ya nyota na reli pamoja na apu inayometameta, mimi naanza na nyota na reli.

Ukitaka kununua Marekani

Huko wenzetu walianza kudai mapema. Mwaka 2012 kampuni ya udalali wa hisa ya Charles Schwab ilifikia makubaliano na mteja wake asiyeona ya kuifanya tovuti yake isomeke, bila kufika mahakamani. Ndiyo maana ukisoma ushauri wa wasioona wa Marekani utakuta majukwaa kama hayo yakisifiwa. Shida ni kwamba si yote yanayompokea Mkenya anayeishi Kenya, kwa hiyo usipoteze wiki moja ukijifunza jukwaa litakalokukataa kwenye swali la nchi. Anza na swali hilo.

Interactive Brokers, dalali wa Marekani, wanapokea watu wa hapa, hawana kiwango cha chini cha kuanzia, na wana akaunti ya mazoezi yenye pesa za kuigiza. Tumia hiyo kwa Hatua ya 6, bure. Ila wana programu kubwa ya kompyuta iliyoandikwa kwa Java, na Java na visoma-skrini hawajawahi kuwa marafiki. Ukae kwenye tovuti yao au apu.

Gawio la kampuni za Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 kwa Mkenya, hata baada ya kujaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wageni, kwa sababu nchi hizi mbili hazina mkataba wa kodi. Gawio la hapa nyumbani linakatwa asilimia 5. Hilo peke yake lilinirudisha Nairobi.

Siri yako

Funga skrini. NVDA ina pazia la skrini, VoiceOver inazima skrini kwa vidole vitatu ukigonga mara tatu, TalkBack nayo inayo kwenye menyu yake. Kwenye matatu watu husoma simu ya mwenzao hivihivi, na asiyeona hana namna ya kujua. Kifaa kimoja sikioni, sikio lingine libaki wazi. Na nambari ya siri usimpe mtu, hata mpwa wako mpendwa. Nimeshatubu yangu.

Jukwaa likikuangusha

"Apu yenu haisomeki" ni lalamiko lisiloweza kurekebishwa. Taja ukurasa, simu na toleo lake, ulichogusa, ulichosikia, na ulichotarajia kusikia. NVDA ina kidirisha kinachoandika kila inachosema. Nakili maneno hayo uyabandike kwenye barua. Mhandisi anayeona atayaelewa kuliko aya tatu za uchungu. Nilipolalamika kuhusu ile alama, niliandika mistari hii:

"Skrini ya kuthibitisha mauzo, Android, TalkBack. Alama ya kuburuta inasomwa kama picha isiyo na jina, na haikubali kugongwa mara mbili. Naomba kitufe cha kawaida chenye jina la kuthibitisha mauzo, kama kilivyo upande wa kununua."

Taja pia kwamba Kenya ina kiwango chake cha ufikivu wa huduma za kidijitali, KS 2952, cha 2022, na kwamba dunia inafuata WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, uliofikia toleo la 2.2 mwaka 2023. Wasipojibu, CMA hupokea malalamiko dhidi ya wenye leseni, na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu lipo Westlands.

Mimi nilijibiwa baada ya wiki sita, kwa sasisho la apu na bila barua yoyote. Kitufe cha kuuza sasa kina jina na kinagongwa. Cha kutoa pesa bado ni "button" tu, na barua yake nimeituma jana.